Safari ya Nyanza-Lac Kumtafuta Bukuru Mwingine

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye Ngagara ananiuliza jambo lile lile: safari ya siku moja ilikuwaje hata ikala siku nne? Nimeisimulia kwenye foleni ya mkate, nimeisimulia nje ya kanisa, na kila mara nimekatizwa kabla ya kufika katikati. Kwa hiyo naiandika, muisome kwa utulivu. Kazi yangu, mnajua, ni ukarani wa shule. Walimu wakikutana mimi naandika nani alisema nini na baada ya nani. Nitafanya hivyo hivyo hapa.

Chanzo kiko Quartier 5, hapa hapa Ngagara. Mama amepanga nyumba ile zaidi ya miaka thelathini. Mwenye nyumba amefariki, na watoto wake, ambao wote wanaishi ng'ambo, wanauza. Walitufanyia heshima: wakatupa sisi nafasi ya kwanza ya kununua, mpaka mwisho wa mwezi. Benki yangu ilikuwa tayari imenikubalia mkopo kwa mdomo. Siku ya kusaini, karani akaangalia mashine yake, kompyuta, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mimi ni mlipaji mbaya. Nina mkopo kwenye tawi lao la Nyanza-Lac, huko kusini, na sijaurudisha kwa miaka mitatu.

Nyanza-Lac nilikuwa sijawahi kukanyaga.

Kwa wale watakaosoma haya wakiwa mbali na kwetu, naeleza. Jina langu ni Bukuru Spès. Bukuru ni jina la pacha anayetangulia kutoka, na anayefuata ni Butoyi. Mama hachagui, wala baba hachagui. Ukizaliwa hivyo umeshaitwa. Kwa hiyo nchi imejaa akina Bukuru ambao si ndugu. Huko Nyanza-Lac yuko mmoja, Bukuru Salvator. Kwenye daftari la zamani la benki walimwandika Bukuru S. Mimi nami kwenye mashine ni Bukuru S. Mwaka wetu wa kuzaliwa ni mmoja, na kama wengi wa rika letu, vitambulisho vyetu vina mwaka tu, bila siku wala mwezi. Mashine haikubali mtu asiye na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo wote tuliwekewa tarehe mosi Januari. Walipohamisha madaftari kwenda kwenye kompyuta, mtu fulani aliona Bukuru S. wawili waliozaliwa siku moja, akafikiri amegundua kosa. Akatuunganisha.

"Kosa inatengenezwa kwenye ilifanyikia," karani wa Bujumbura aliniambia. "Hapa mi naweza kuisoma tu."

Zilibaki siku tisa mwezi uishe.

Kutoka mjini hadi Magara

Tuliondoka Jumatatu asubuhi, baada ya dereva wa gari la abiria kungoja mafuta kwa muda ambao sitauhesabu, maana nyote mnajua uhaba wa mafuta. Tulipita Ruziba, wanawake wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kando ya barabara, tukapita Kabezi, halafu Magara tukasimama. Mlima ulikuwa umeshuka barabarani: udongo, mawe, na mgomba mmoja uliokuja umesimama wima kama abiria. Magari ya upande wetu hayakuweza kupita, na ya upande wa pili vilevile. Ikabidi tushuke, tuvuke tope kwa miguu, na kupanda gari lililotoka Rumonge, huku abiria wake wakipanda letu. Madereva wawili walibadilishana abiria kwa kelele nyingi na bila karatasi hata moja. Kazi yenyewe ilichukua saa tatu, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake amepata abiria wengi zaidi.

Tulikaa juu ya mawe tukingoja wamalizane. Karibu yangu alikuwa mama mmoja muuza ndagala mwenye mabeseni matupu, na mwanamume aliyebeba godoro kichwani na kukataa kulitua.

"Maman, we unaenda kuuza nini kule?" mama wa ndagala aliniuliza.

"Siuzi. Naenda kuondoa deni isiyo yangu."

Akanitazama, kisha akawageukia wengine. "Muliskia? Iko mama hapa ana deni isiyo yake."

"Hata mi yangu si yangu," alisema yule wa godoro. "Ni ya bibi yangu."

"Ukifika benki," akaongeza mwingine kutoka nyuma, "musalimie shefu, umwambie yangu nayo si yangu. Atatoa zote pamoja."

Walicheka sana. Nilianza kueleza habari ya Bukuru wawili, na hapo mama wa ndagala akaacha kucheka.

"We ni Bukuru?"

"Ndiyo."

"Na Butoyi?"

Swali hilo huulizwa kila mahali, na jibu langu ni lile lile. "Alikufa na surua, tukiwa na miaka minne."

"Pole," alisema. Akafungua kitambaa, akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha na ndagala wachache, nasi tukala. Mtu wa godoro aliomba naye. Akalishwa huku godoro liko kichwani.

Rumonge

Rumonge tulifika saa kumi, na dereva akatangaza kwamba gari limekwisha kazi. Mafuta yaliyobaki yangemrudisha nyumbani tu. Nilikwenda kwa Générose, tuliyesoma naye, ambaye sasa ana duka la vitenge karibu na soko. Alifurahi kuniona, na kabla sijaeleza akadhani nimefuata mawese, maana kila rafiki wa Bujumbura anayemtembelea huwa anataka mawese. Alikuwa ameshanijazia bidoni mbili za lita tano. Nilipomwambia nimefuata benki, alizitazama zile bidoni kwa huzuni.

"Lakini utachukua moja?"

Nilichukua moja. Mambo mengine hayafai kubishaniwa.

Asubuhi alinipatia nafasi kwenye lori la Muzee Juma, mfanyabiashara wa Buyenzi anayenunua mawese kusini. Nilikaa mbele. Muzee Juma ni mtu wa maswali mafupi. Alitaka kujua ni benki gani, tawi gani, na nani aliniambia nije mwenyewe. Baada ya kusikia yote, aliendesha mpaka tulipopita kilima kingine.

"Na huyo mwanaume," akasema, "anajua kama unakuja?"

"Apana."

"Basi umebeba habari mbaya kwa mutu ambaye hajue. Mi ningekuwa we, ningefikiria namna ya kuanza."

Nilimwambia sina haja ya kuanza lolote na mwanaume huyo. Mimi nina shida na benki. Aliguna tu.

Benki ya Nyanza-Lac

Tawi lenyewe ni chumba kimoja chenye madirisha mawili ya kuhudumia wateja, na moja halitumiki. Mkuu wa tawi, ambaye watu wote walimwita Shefu, ni mtu wa miaka kama arobaini, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nitoke Bujumbura. Alichukua kitambulisho changu, akakitazama, akanitazama.

"Madame, ni kweli. We si Salvator."

"Ndiyo."

"Inaonekana." Akaandika kitu. "Lakini siwezi kutoa deni kwako, niiache hewani. Lazima ikae kwa mutu."

"Ikae kwa mwenyewe."

"Mwenyewe hatumuoni tangu miaka tatu."

"Mumemutafuta?"

"Sana. Tumemutumia ujumbe kwa simu kila mwezi."

"Kwa namba gani?"

Akaigeukia kompyuta, akaisoma namba kwa sauti. Ilikuwa yangu, ya laini niliyoiacha zamani simu ilipoibwa sokoni. Nilimwambia. Shefu alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akatoa nyingine.

"Kumbe tulikuwa tunakusumbua we," akasema. "Na haukusumbuka."

Kisha alinieleza msimamo wake, na lazima niseme alikuwa na hoja. Akilifuta deni kwangu bila mtu wa kulipokea, wakubwa wake watasema yeye ndiye ameliiba. Mwenyewe akija akasaini kwamba ni lake, barua yangu itatoka siku hiyo hiyo. Asipokuja, ombi litapelekwa makao makuu, na makao makuu hujibu kwa miezi.

"Anakaa wapi?"

"Njia ya Kabonga. Uliza Bukuru wa mashine ya mawese, ile alikopea."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Muzee Juma alikuwa ameshaondoka na lori lake.

Njia ya Kabonga

Nilipanda baiskeli ya abiria, bidoni ya mawese mapajani. Watu wa upande huo wengi ni waliorudi kutoka kambi za Tanzania, na Kiswahili chao kimenyooka kuliko chetu. Wakitusikia watu wa Bujumbura huwa wanatabasamu. Mwendesha baiskeli aliniuliza kwa nini napeleka mawese mahali yanapotengenezwa.

Bukuru Salvator nilimkuta anakata chikichi kutoka kwenye mikungu kwa panga, amekaa kwenye kigoda. Ni mwembamba, mvi upande mmoja tu. Nyuma ya nyumba, chini kabisa, ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye kiwanja, na nguzo nne zilichomoza majini bila paa. Nilisalimia, nikatambulishwa kwa mkewe, Mama Zawadi, nikapewa kiti. Ushauri wa Muzee Juma nilikuwa nimeupuuza, kwa hiyo nilianza pale nilipofikiri ni mwanzo.

"Nimetoka benki," nilisema, "kuhusu ule mkopo wako wa mashine. Jina lako halipo tena kwenye ule mkopo."

Aliweka panga chini. "Halipo?"

"Halipo. Nimeona kwa macho yangu."

"Mama Zawadi," aliita, ingawa mkewe alikuwa hatua tatu tu kutoka alipokaa. "Njoo usikie. Wametusamehe."

Nilikuwa na sentensi ya pili. Haikupata nafasi. Mama Zawadi alipiga kigelegele kimoja, jirani akaja kuuliza, naye akaambiwa, na Salvator akaanza kunieleza kwa nini alikuwa amelijua jambo hili muda mrefu. Mashine ya kukamulia mawese, aliyoinunua kwa mkopo ule, ilikuwa pale kwenye zile nguzo, chini ya paa lililokwenda na maji. Maji yalipanda usiku na mchana kwa wiki mbili, yakaichukua. Alijiandaa kufuatwa na benki. Benki haikuja. Mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka.

"Nikasema hawa watu wameyaona maji," aliniambia. "Kumbe walikuwa bado wanaandika. Nawe umetoka mbali kote huko kuja kutuambia."

Mama Zawadi alikuwa ameshatuma mikeke, wale samaki wa ziwani, kununuliwa kwa wavuvi. Wakaja wawili, wakubwa. Ningeweza kusema kabla moto haujawashwa. Ningeweza kusema wakati vitunguu vinakatwa. Naandika ukweli: sikusema. Nilikula ugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, na samaki wa shukrani, kichwa nikiwa nimepewa mimi mgeni, na nikauona utamu wake. Wakati wa kula Salvator aliniuliza jina, na aliposikia Bukuru alicheka kwa furaha, akasema sasa mambo yote yameeleweka: Mungu amemtuma Bukuru kwa Bukuru. Butoyi wake alibaki Kigoma, ana mke huko.

Tulipokwisha kunawa mikono, nikasema, "Bwana Salvator, sikumaliza kueleza."

Nilieleza yote, kuanzia tarehe mosi Januari. Hawakunikatiza. Nilipofika kwenye nyumba ya Mama na mwisho wa mwezi, Mama Zawadi ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo hatujasamehewa."

"Hapana."

"Deni lipo, ila liko kwako."

"Ndiyo."

"Na unataka kuliacha hapa." Alitazama sahani. "Na samaki umekula wa nini?"

Hakungoja jibu. Alimgeukia mumewe. "Baba Zawadi, mwache arudi alivyokuja. Yeye ana mshahara, ana watu wa kumsikiliza. Sisi hatujamwibia mtu. Wameandika wao. Waandike upya wao."

"Wakiandika upya bila yeye kusaini itachukua miezi," nilisema. "Nyumba haitangoja."

"Hata sisi kuna vitu havikutungoja," alisema, na akaonyesha zile nguzo kwa kidevu.

Salvator alikaa muda mrefu akitoa chikichi zilizonasa kwenye mkungu kwa ncha ya panga, moja moja, kama kwamba hicho ndicho tulichokuwa tunakizungumza.

"Miaka mitatu nimekuwa nikimshukuru Mungu," akasema. "Kumbe nilikuwa nakushukuru wewe."

"Sikufanya lolote."

"Ndiyo. Hilo ndilo nililokuwa nashukuru." Akainuka. "Lala hapa. Kesho tutakwenda."

Mama Zawadi alinipa kitanda chao, akatandika shuka safi, na hakunisemesha mpaka asubuhi. Ile bidoni niliiacha mlangoni kwao. Hakuna aliyeishukuru wala kuikataa.

Benki, mara ya pili

Tulifika kabla hawajafungua. Shefu alituona wawili kwenye benchi, akasimama na funguo mkononi.

"Sasa nani ni nani?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimweleze ukweli Salvator akatabasamu kidogo.

Ndani, Shefu alitoa karatasi, akaanza kusoma deni kwa Kifaransa. Niliona Salvator anaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayesikiliza sala. Nikamuuliza kama anaelewa. Akasema hapana, lakini atasaini. Basi nikaomba karatasi ile nikaisoma mwenyewe. Chini ya mkopo waliongeza adhabu ya kuchelewa ya miaka mitatu, na adhabu hiyo ilikuwa imekaribia mkopo wenyewe.

"Shefu, hii adhabu ni ya nini?"

"Ya kuchelewa. Alikumbushwa kila mwezi."

"Nani alikumbushwa?"

Shefu alitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Ulinisomea namba jana," nilisema. "Huyu hakupata hata ujumbe mmoja. Mutu hawezi kulipa adhabu ya kukataa kusikia kama hakuambiwa."

"Madame, we ni avoka yake, wakili yake?"

"Apana. Mi ni yeye, tangu miaka tatu. Ni nyinyi muliandika."

Karani wa dirishani aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Shefu hakucheka, lakini alitoka nje na simu yake. Tulimwona kupitia dirisha akitembea huku na huku, akieleza kwa mkono. Salvator aliniuliza kwa nini nabishana, kwani mimi deni linaniondoka hata hivyo. Nilimwambia nataka karatasi iwe sahihi. Ni kweli, kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimekula samaki wake.

Shefu alirudi baada ya nusu saa. Adhabu ilifutwa. Mkopo ulibaki wote, mashine na maji yakiwa si hoja, ila atalipa kidogo kidogo, kwa misimu ya mawese. Salvator alinitazama nimtafsirie, nikamtafsiria, akasaini kwa jina lake lote, polepole, bila kufupisha. Mimi nikapewa barua yangu. Ilisema, na ninayo hapa, kwamba Bukuru S. si Bukuru S.

Nje tuliandikiana namba za simu kwenye karatasi. Aliniambia nimsalimie Mama, nikamwambia amsalimie mkewe. Alikunja nakala yake mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akapanda baiskeli.

Kurudi

Kuhusu njia ya kurudi sina mengi. Gari lilipatikana mchana, tulilala Rumonge kwa sababu ile ile ya mafuta, na tope la Magara lilikuwa limeondolewa nusu. Bujumbura, karani alisoma barua mara mbili, akaiita ya ajabu, akaondoa alichotakiwa kuondoa. Nyumba tulisaini zikiwa zimebaki siku tatu.

Jioni ya siku ile Mama alikaa kwenye baraza, ambalo sasa ni lake, akataka nimsimulie yote kwa mpangilio. Nilimsimulia kama nilivyowaandikia ninyi. Hakusema neno kuhusu benki wala mashine. Nilipomaliza aliuliza:

"Huyo Bukuru, mama yake angali hai?"

"Sikumuuliza."

"Ulifika kwake, ukala, ukalala kitanda chake. Aliyezaa mapacha haukumuulizia?"

"Apana, Mama."

"Na kazi yako ni kuandika."

Kesho yake nilimpigia Salvator. Simu iliita mpaka karibu kukatika. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, ya heshima, kabla sijatamka neno lolote.

"Shefu," alisema, "chikichi bado hazijaiva. Naomba wiki mbili."

Nikamwambia si benki, ni mimi, napiga kumuulizia mama yake.